Fundo la Mama Viti

Kabla hujamwita mwoga, nenda kwanza ukaishi na kitu kimoja tu cha kupoteza, halafu urudi tuzungumze. Mwenye vitu kumi akipoteza kimoja anabaki na tisa, anaweza hata kusimama akatoa hotuba. Mama Viti alikuwa na kimoja.

Karakana nzima ya mabasi ilimjua kwa jina hilo, na lile alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kwa miaka kumi na tisa viti vyote vya kampuni vilipita mikononi mwake. Kiti kikichanika kililetwa kwake. Sponji ikilala aliibadilisha. Mtoto akikitapikia kililetwa vilevile, na hakukuwa na wa kumlalamikia. Meza yake ilikuwa mwisho wa karakana, chini ya dirisha lenye vumbi, na juu yake palikuwa na mkasi mzito, chaki, sindano zilizopinda na cherehani ya umeme yenye nguvu ya kutoboa turubai lililokunjwa mara nne.

Kazi alifundishwa na fundi mkuu, mzee mfupi aliyenuka gundi tangu ujanani, naye akaitwa Mzee Gundi akakubali yaishe. Somo la kwanza alilompa halikuwa la kushona, lilikuwa la kumaliza.

"Abiria ana vidole," alimwambia. "Foleni ikisimama hana la kufanya, anatafuta uzi wa kuvuta. Usimwachie mkia."

Akamwonyesha. Ukifika mwisho wa mshono unarudi nyuma hatua tatu. Unautoa uzi upande wa ndani, unauzungusha mara mbili kwenye ncha ya sindano, unafunga fundo, kisha unalisukuma lile fundo ndani ya mkunjo mpaka jicho lisilione. Cherehani inashona, lakini fundo ni la mkono. Anayeweza kuligundua ni mwenye kidole gumba kinachojua kinatafuta nini. Mafundi wa mtaani hawajisumbui na mambo hayo, maana mteja wa mtaani havuti uzi wa suruali yake mwenyewe. Mji mzima ulikuwa na watu wawili tu waliofunga hivyo, Mzee Gundi na Mama Viti.

Sasa hicho kitu kimoja. Kila mfanyakazi wa kampuni alipewa kadi moja ya familia, ya plastiki, ya kijani, yenye picha ya jamaa mmoja anayepanda basi bila kulipa. Ya Mama Viti ilikuwa na picha ya mumewe, iliyopigwa kabla mashavu hayajabonyea. Alikuwa seremala. Figo zilipomgomea, miaka mitatu nyuma, seremala akageuka mtu wa Jumatatu na Alhamisi, siku za kulala kwenye mashine hospitali kuu saa nne nzima, damu ikitoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Akikosa siku moja anavimba miguu. Akikosa mbili, pumzi inakuwa ya kuomba. Ya tatu daktari hakuitaja, alivua tu miwani akaifuta.

Zamani basi lilitoka mtaani kwao moja kwa moja mpaka hospitali. Mwaka uliopita kampuni ikaikata njia hiyo katikati, kwenye kituo cha soko. Sasa ukifika sokoni unashuka, unapanda basi jingine la kampuni ileile, rangi ileile, viti vilevile vya Mama Viti, na unalipa upya. Tangazo lililobandikwa vituoni liliita jambo hilo maboresho ya huduma. Watu walisoma, wakasonya, wakalipa. Ambao hawakuwa nacho walianza kushukia sokoni na kumalizia kwa miguu.

Mume wa Mama Viti alikuwa na kadi, kwa hiyo yeye alipita. Lakini pale hospitali jirani yake wa mashine alikuwa mke wa fundi cherehani mmoja wa kituo cha soko, fundi aliyeitwa Kiraka kwa kuwa hakuwahi kukataa nguo, hata iliyobaki viraka vitupu. Wagonjwa wawili wale walikuwa wamezoeana mpaka wakataniana nani amenenepa kwa maji. Baada ya njia kukatwa, Alhamisi moja mwanamke yule alikuja, Alhamisi ya pili kitanda chake kikabaki na shuka iliyonyooka.

"Leo tena hakuja," mume wa Mama Viti alisema jioni hiyo akivua viatu. "Mashine imewashwa, haina mtu."

Mama Viti aliogopa hata kulifikiria, maana ukilifikiria la jirani unaliona la kwako limekaa nyuma yake.

Ndipo abiria wakaanza kukutana. Walikuwamo wauguzi, wachuuzi wa sokoni, wanafunzi, na Kiraka. Waliandika barua kwa kampuni, hazikujibiwa. Wakazungusha karatasi za kutia saini vituoni. Zilipomfikia Mama Viti aliinua mfuko wake akasema mikono imejaa, na mfuko wenyewe ulikuwa mmoja. Mwisho wakaamua waandamane mpaka lango la kampuni, na Kiraka akamngoja pale kituoni.

"Shemeji," alisema, akimwita hivyo kwa ajili ya undugu wa mashine za hospitali, "tunataka bango. Si la karatasi. La turubai, watu wanane walishike."

"Si wewe ni fundi? Shona."

"Nimejaribu. Sindano tatu zimekatika. Cherehani yangu ni ya kushonea sketi, haiwezi hilo lidude."

Mama Viti alitazama kushoto na kulia. "Unajua mume wangu anapanda kwa kadi ya nani."

"Najua."

"Wakijua ni mimi, anakufa. Sizungumzi kwa mafumbo, Kiraka. Anakufa."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nimekuja kwako mwenyewe, sikumtuma mumeo." Akaokota uzi uliomdondokea gotini. "Wangu amekosa mbili mwezi huu."

Kama angemwomba kwa maneno mengi, angemkatalia. Alisema hayo tu, akarudi kwenye kanyagio la cherehani yake. Mama Viti alipanda basi lake akashuka vituo viwili mbele ya kwao, kwa jinsi alivyokuwa amepotelea mawazoni.

Jumamosi mchana karakana hufungwa saa saba, isipokuwa kwa mwenye kiporo cha kazi. Mama Viti alikuwa na kiporo. Alileta turubai ndani ya gunia, na herufi ambazo Kiraka alikuwa amezikata kwenye shuka nyekundu. Alifikiria kila kitu. Hakugusa uzi wa kampuni, alinunua wake. Hakutumia hata kipande cha kitambaa cha viti. Alifunga mlango, akaweka kiti kilichopasuliwa mezani ili mtu akiingia amkute nacho. Kila gari lililopiga honi barabarani lilimrusha moyo. Alishona SAFARI MOJA NAULI MOJA kwa herufi zenye kimo cha mtoto, akapinda kingo, akatia mifuko ya kupitishia fito. Alipomaliza alifagia sakafu mara mbili na kuokota nyuzi nyekundu kwa mkono, akazitia mfukoni, akaenda kumpa Kiraka gunia na kuzitupa kwenye choo cha sokoni.

Jambo moja hakulifikiria. Kila alipofika mwisho wa mshono, mikono yake ilirudi nyuma hatua tatu, ikazungusha uzi mara mbili, ikafunga, ikasukuma ndani. Haikumuuliza. Ilikuwa na miaka kumi na tisa ya mazoea na haikuona sababu ya kuomba ruhusa.

Jumanne waliandamana. Aliwaona kwa dirisha lake lenye vumbi, umati uliojaza barabara mpaka langoni, na bango mbele. Walinzi wa kampuni walitoka na virungu. Mabango ya karatasi yalichanwa dakika ile ile. La turubai walilivuta walinzi wanne upande huu, waandamanaji upande ule, na halikuachia hata uzi. Walinzi wawili walianguka kifudifudi, watu wakacheka. Hapo Mama Viti alijisikia fahari, nayo fahari ile ilidumu kama kiberiti. Mlinzi wa tano alikuja na kisu, akakata fito, na bango zima likaingizwa ndani ya lango bila kuchanika.

Jumatano asubuhi meneja aliingia karakana, nyuma yake walinzi wawili wamelibeba bango kama zulia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, mgonjwa wa mgongo wa siku nyingi.

"Tandikeni pale," alisema, akionyesha meza ya Mama Viti.

Wakatandika. Herufi nyekundu zilifunika chaki, mkasi, kila kitu. Mama Viti akapangusa mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu.

"Walinzi wangu wameshindwa kulichana," meneja alisema. "Hii siyo kazi ya mtu aliyejifunza juzi. Wewe ndiye uliyenitengenezea kiti cha ofisini, na tangu nikikalie mgongo umetulia. Macho yako nayaamini. Niambie nani ameshona hili."

Yaani mwizi kaitwa kupima nyayo zake. Mama Viti aliinama, akapitisha kiganja juu ya mshono kama mtu anayechunguza. Alisikia harufu ya turubai lenyewe, harufu ya Jumamosi. Kidole gumba chake kilipita juu ya mkunjo wa pembeni, kikakutana na kivimbe kidogo kisichozidi chembe ya mchele. Akatafuta kingine. Kipo. Kingine. Kipo. Vyote vilikuwapo, vimejipanga, na ndipo alipojua mikono yake ilikuwa imefanya nini.

"Ni kazi ya mtaani, bosi," alisikia sauti yake ikisema.

"Una hakika?"

"Hawa mafundi wa vituoni siku hizi wanashona chochote."

Ulimi hauna mfupa. Maneno yalikuwa yametoka na hayakuwa na jina la mtu ndani yake, na yeye alijiliwaza kwa hilo. Mafundi wa vituoni ni wengi, alijiambia. Ni kama kusema mvua imenyeshwa na mawingu.

Meneja alimgeukia Mzee Gundi. "Na wewe, mzee?"

Mzee Gundi alisogea taratibu. Aliishika pembe ya bango katikati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua, akaisugua tena. Mama Viti alikitazama kile kidole. Kilisimama. Karakana ilikuwa na kelele za nyundo na redio, lakini yeye hakusikia hata moja.

"Kama alivyosema," Mzee Gundi alijibu, akaiachia pembe. "Mtaani."

"Kikulacho ki nguoni mwako," meneja alisema, akikunja midomo. "Wanakaa vituoni mwetu, wanakula kwa abiria wetu, halafu wanatushonea matusi." Akaondoka, na bango likaondoka nyuma yake.

Mama Viti alikaa chini ghafla.

Alhamisi, akiwa njiani kwenda kazini, basi lake lilisimama kituo cha soko. Mwavuli wa Kiraka ulikuwa umelala ubavu. Pale cherehani ilipokuwa palibaki alama nne za miguu ya chuma kwenye vumbi. Aliteremka, akamuuliza muuza vocha aliyekaa jirani.

"Polisi wamemchukua alfajiri," muuza vocha alisema, akipunguza sauti. "Wanasema ndiye aliyeshona lile bango. Na mashine wameibeba, eti ushahidi."

"Yeye kasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliomba tu avae viatu."

Mama Viti alishika nguzo ya kituo. Sindano tatu zimekatika, Kiraka alisema siku ile. Mashine ile waliyoibeba kama ushahidi isingeweza kutoboa hata pindo la turubai, na mtu aliyelijua hilo vizuri kuliko wote alikuwa amekaa kituo cha polisi, amenyamaza, akimlinda mwanamke aliyemsukumia mikononi mwao. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikuwa na habari naye. Basi lililofuata lilikuja, akapanda, akaenda kazini.

Alimkuta Mzee Gundi akikoroga kopo lake.

"Mzee, jana uligusa."

"Nimegusa nini?"

"Pembe ya bango."

Mzee Gundi aliendelea kukoroga. "Mimi nimebakiza miezi minne nistaafu. Sikugusa kitu. Wewe hukushona kitu. Washa mashine yako."

"Wamemkamata mtu."

"Nimesikia." Mkono uliokuwa unakoroga ulianza kutetemeka, akauweka chini ya meza. "Unataka niseme nini? Mimi naogopa, binti. Nimeogopa tangu jana, hata nyumbani sikula. Kosa langu ni moja, nilikufundisha vizuri mno."

Siku hiyo Mama Viti alishona kiti kimoja akakifumua mara tatu. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa. Aliogopa wakija na aliogopa wasipokuja, maana wasipokuja ndiyo kusema wameridhika na Kiraka.

Jioni mumewe alirudi kutoka hospitali, uso umepauka, bandeji mkononi. Alikaa mezani bila kuvua koti.

"Mke wa Kiraka amekuja kwa miguu kutoka sokoni," alisema. "Amefika amechelewa saa mbili. Amelia mlangoni, wakamwonea huruma, wakamweka nusu ya muda. Nusu, mama. Mguu wake ukiubonyeza shimo linabaki." Akagusa bandeji yake. "Ameniuliza kama nimesikia lolote kuhusu mumewe. Nikamwambia sijui."

Mama Viti alikuwa amempa kisogo, anamimina chai.

"Nimemwambia kweli au uongo?" mumewe akauliza.

Alimwambia yote. Aliyasema akiwa amesimama, birika mkononi, kuanzia sindano tatu mpaka kidole cha Mzee Gundi. Alipofika kwenye maneno yake mwenyewe, hawa mafundi wa vituoni, aliyasema mara mbili ili yasikike.

Unaweza kudhani seremala alimwambia nenda kaseme ukweli, mke wangu, Mungu yupo. Hakusema hivyo. Alilaza kichwa juu ya mikono yake mezani.

"Usiende," alisema. "Najua ninachosema. Nimelala karibu na yule mama miaka miwili. Lakini mimi sitaki kufa. Najaribu kujiona shujaa, najikuta sitaki tu."

"Na mimi sitaki," alisema Mama Viti.

Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Walipokwenda kulala kila mmoja alimgeuzia mwenzake mgongo na kujifanya amepitiwa na usingizi, na kila mmoja alijua mwenzake anajifanya. Mama Viti alisikiliza pumzi za mumewe. Alizihesabu kwa mazoea ya miaka mitatu. Zilikuwa nzuri siku za Alhamisi, laini, kwa sababu mashine ilikuwa imefanya kazi yake. Akamwaza mwanamke mwingine anayelala peke yake upande wa pili wa soko na pumzi za nusu.

Asubuhi alipoamka mumewe alikuwa ameshatoka uani. Mezani palikuwa na kikombe chake cha chai, kimefunikwa na sahani. Kando ya kikombe palikuwa na ile kadi ya kijani, imepanguswa ikang'aa, picha juu.

Mama Viti aliitazama muda mrefu. Kisha akainywa chai yote, ingawa haikupita vizuri, akaitia kadi kwenye mfuko wa gauni.

Ofisi ya meneja ilikuwa juu ya karakana, ngazi kumi na nne za chuma. Alizipanda akishika ukuta. Ngazi ya tisa aligeuka, akashuka mbili, akasimama. Chini, Mzee Gundi alikuwa amemkazia macho, kopo mkononi, mdomo wazi. Mama Viti akageuka tena akapanda.

Meneja alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Bango lilikuwa limekunjwa pembeni, juu ya kabati.

"Bosi, nilikosea Jumatano."

"Kukosea nini?"

"Hilo bango siyo la mtaani. Mliyemkamata cherehani yake haiwezi. Mkitaka, mpeni turubai ashone mbele yenu, mtaona sindano ikikatika."

Meneja alikiegemea kiti. "Kwa hiyo ni nani?"

Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, mazuri, yenye mpangilio. Yote yakamkimbia. Akaliendea bango, akavuta pembe moja, akaileta mezani.

"Bonyeza hapa, bosi. Kwenye mkunjo."

Meneja alisita, akabonyeza. "Kuna kitu kama chembe."

"Ni fundo. Sasa peleka mkono chini ya kiti chako. Mbele, upande wa kulia, kitambaa kinapoingia ndani."

Alimtazama kama mtu anayetaniwa. Kisha akainama kidogo, kwa uangalifu wa wenye migongo mibovu, akapeleka mkono chini. Mama Viti aliviona vidole vikitambaa, vikitafuta. Uso wa meneja ulibadilika. Alibaki ameinama hivyo, mkono mmoja kwenye bango, mwingine chini ya makalio yake.

"Wewe," alisema hatimaye.

"Mimi."

"Nani mwingine anafunga hivi?"

Hapo ndipo hofu ilipomjia kwa upya, kwa ajili ya mtu mwingine sasa. "Hakuna," alisema. "Nilijibunia mwenyewe."

Meneja aliutoa mkono. Alionekana mwenye hasira kidogo na mwenye aibu zaidi, kama mtu aliyekutwa amekaa juu ya barua isiyo yake. Aliongea sana baada ya hapo, habari za uaminifu, za kampuni iliyomlisha, za polisi ambao angewapigia na wakati huo huo hakuinua simu. Mama Viti alisikia nusu. Alipoona mdomo umesimama aliitoa kadi akaiweka mezani, picha ikitazama juu, kabla hajaombwa. Alijua ataombwa, na hakutaka kuona mkono wa mtu mwingine ukiichukua.

Chini alikusanya vitu vyake: subana ya kidoleni, sindano mbili, aproni. Mzee Gundi hakumkaribia mpaka alipofika mlangoni.

"Umenitaja?"

"Nimesema nilijibunia."

Mzee aliigeukia meza aliyoiacha. "Nani atafunga mafundo sasa?"

"Wewe."

"Mikono inatetemeka," alisema Mzee Gundi, akamwonyesha, yote miwili.

Kiraka aliachiwa Jumamosi. Cherehani ilirudi bila mkanda wake, akafunga kamba badala yake akaendelea. Alipomwona Mama Viti kituoni hakumshukuru na hakumlaumu, alisogeza tu mwavuli ili kivuli kimfikie na yeye.

Jumatatu ikafika. Mama Viti na mumewe walipanda basi la kwanza wakalipa. Walishuka sokoni. Mke wa Kiraka alikuwa pale amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, viatu amevivaa kwa kukanyaga visigino, maana miguu haikuingia. Kando yake msichana muuguzi alikuwa ameshika ubao wenye karatasi za saini, safari moja nauli moja, safu tatu za majina. Mama Viti alizitazama zile safu. Mfuko wake ulikuwa begani, mikono yote miwili mitupu. Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, lile la kwenye kitambulisho, kwa mwandiko uliotikisika mpaka ukatoka nje ya mstari.

Kisha wakapanda basi la pili wote watatu, na wakalipa tena. Alikuwa amelipia leo. Nauli ya Alhamisi aliiona. Jumatatu ya pili aliiona kwa mbali. Ile ya baada ya hapo hakuiona kabisa, na hofu ikamkalia kifuani palepale ilipokaa siku zote, nzito vilevile.

Foleni ikasimama. Mumewe alikuwa amefumba macho. Mke wa Kiraka alikuwa anatazama nje. Mama Viti hakuwa na la kufanya, na vidole vyake vikateremka vyenyewe mpaka chini ya kiti, vikatambaa kwenye mkunjo, vikitafuta ncha ya uzi ya kuvuta. Vilitafuta njia nzima mpaka hospitali, na havikuipata.